Kava la viraka kwa laki moja: oda ya loji iliyomla fundi, na bei alizopanga baadaye

Fundi mwenyewe ameniruhusu niandike. Jina lake, mji, loji na vitu vingine vya kumtambulisha nimeviondoa, hela nimezizungusha kwenye elfu iliyo karibu. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), ndiyo maana niliona hesabu zake kwa karibu kuliko ambavyo angependa mtu azione.

## Historia fupi

Ni mama wa watoto wawili, ushonaji kasoma VETA (chuo cha ufundi stadi), ana fremu ndogo, yaani chumba cha duka cha kukodi, kwenye mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania, ukanda ule ambao mwezi wa sita na wa saba baridi inakuwa ya kweli na watalii wamejaa. Kinachomlisha ni sare za shule. Desemba na Januari hapumui, sketi moja ya sare ufundi wake 5,000 na inamla kama saa mbili, kwa hiyo kazi ikiwepo anaingiza kama 2,500 kwa saa. Hiyo namba ishike maana ndiyo iliyokuja kubadilisha kila kitu huko mbele.

Makava ya kitanda ya viraka (kuna wanaoyaita kwilti) alianza kwa sababu ya masalia. Kila fundi ana gunia la vipande vya vitenge nyuma ya mlango, hawezi kutupa na hajui avifanyie nini. Yeye akaanza kukata vipande vya mraba, anaunga, katikati anatandika faiba (lile tabaka nene la kujazia), chini anaweka merikani, alafu anapiga mistari ya cherehani inayoshika tabaka zote tatu, anamalizia na baisi (ukanda wa kitambaa wa kufunga kingo) pembeni. La kwanza alitandika kwake. Jirani akaliona, akataka. La pili likaingia stetasi ya WhatsApp na hapo ndipo maswali ya "dada bei gani" yalipoanza.

Kwa wasiojua vipimo: kitanda cha 5 kwa 6 kwa inchi ni 60 kwa 72. Kava likiwa linashuka inchi 12 kila upande na 18 miguuni linakuwa 84 kwa 90. Ukitumia viraka vya inchi 6 vilivyokamilika unahitaji 14 kwa 15, yaani 210.

## Bei ya kwanza ilitoka wapi

Alipita Jumamosi moja kwenye maduka ya mashuka, akaona duveti la Kichina na foronya zake linauzwa 60,000 mpaka 80,000, akajiambia langu ni la mkono kwa hiyo niweke 85,000. Basi, hiyo ndiyo bei. Hakuna daftari.

Na kwa macho ilikuwa inalipa. Viraka vya masalia havinunuliwi, gunia akiongezea kwa fundi mwenzake ni 5,000. Merikani yadi 6 kwa 3,500 ni 21,000. Faiba mita 5 kwa 5,000 ni 25,000, maana upana wake haufiki 84 kwa hiyo inabidi uunge vipande viwili. Uzi 4,000, umeme na sindano 3,000. Jumla 58,000. Akiuza 85,000 anabaki na 27,000, na hiyo 27,000 alikuwa anaiita faida.

Kisha ikaja kamati ya kicheni pati. Wakina mama watatu wanataka kava la kumpa bibi harusi, wakalisifia sana, wakaligeuza huku na huku, alafu mmoja akasema "sasa fundi, si viraka tu hivi, kitambaa hujanunua, tufanyie 70". Wakakutana 75,000. Huyo mama hakuwa na ubaya, alisema alichokiona, na alichokiona ni kitambaa. Faiba hakuiona, iko ndani. Saa za fundi nazo ziko ndani.

## Oda ya loji

Mwezi wa nne meneja wa loji moja ya wageni wa safari akapita na gari, akaona kava limening'inia mlangoni. Anataka makava 8 ya 5 kwa 6 kabla sizoni haijaanza mwezi wa sita. Ila ana masharti ya rangi: bluu iliyokolea, kahawia na krimu, yaendane na vyumba. Bei akauliza kwa pale pale, amesimama, simu mkononi. Fundi akaona hii ni oda kubwa, akapandisha mpaka 100,000, meneja akasema sawa bila kuomba hata mia. (Mteja wa aina hii akikubali haraka namna hiyo, jiulize.) Advansi nusu, 400,000, ikaingia kwa simu jioni ileile. Salio siku 30 baada ya kupokea invoisi. Muda: wiki tano.

Shida ya kwanza ilitokea dukani. Masalia hayana bluu ya kutosha makava 8, na mteja akishachagua rangi masalia yanakuwa hayana kazi, inabidi kununua kitenge kwa yadi. Fundi akapiga hesabu ya eneo, kila kiraka kinakatwa inchi 6 na nusu ili robo inchi ya mshono itoke kila upande, kwa karatasi inakuja kama yadi 5 na nusu kwa kava. Lakini kitambaa hakikatwi kwa karatasi. Kitenge kina upana wa kama inchi 45, viraka vya 6 na nusu vinaingia sita tu kwa upana na kipande kinachobaki pembeni hakitoi cha saba, kwa urefu wa yadi unapata safu tano, kwa hiyo yadi moja inatoa viraka 30 na kava zima linakula yadi 7 kamili. Yadi moja na nusu kila kava inaishia kuwa vijiti vya pembeni. Kwa 4,000 yadi, kitenge cha kava moja ni 28,000.

Gharama ya vitu kwa kava ikatoka 58,000 ikawa 81,000 (ile 5,000 ya gunia imetoka, 28,000 imeingia). Kava nane ni 648,000. Advansi ni 400,000.

Hizo 248,000 zilizopungua alikuja kuzikopa kwetu, 250,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, miezi miwili. Nikamwandikia mimi mwenyewe kwenye kitabu, na kusema kweli hakuna aliyemuuliza kwa nini mtu mwenye oda ya laki nane anakopa ili aifanye. Kikoba kinauliza utarudisha lini, hayo mengine ni ya kwako.

Shida ya pili ni saa. Hapa hakuwa ameziandika, tulizipima baadaye, lakini naziweka sasa hivi ili uelewe wiki tano zilikuwaje. Kava moja la viraka 210, vitambaa vya kununua: kufua na kupiga pasi saa 3, kukata 4, kuunga viraka kuwa safu na safu kuwa uso mzima pamoja na pasi kila mshono saa 11, kutandika tabaka tatu sakafuni na kuzibana kwa pini saa 3, kupiga mistari saa 8, baisi saa 5 maana upande wa nyuma anamalizia kwa mkono. Jumla 34. Mara nane ni 272. Kwenye fremu ambayo kila nusu saa mtu anaingia kubadilisha zipu, kwa siku anapata saa 6 za kava akijitahidi, siku sita kwa wiki, wiki tano ni saa 180.

Haiwezekani, na yeye aliigundua wiki ya pili. Akachukua binti wa kumsaidia, 6,000 kwa siku, siku 20, hiyo ni 120,000. Na ili kuokoa muda akaruka hatua moja: hakufua vitambaa kabla ya kukata.

Makava yakafika loji kwa wakati, hilo nampa heshima yake. Siku mbili baadaye meneja anapiga: wamefua mawili, bluu imechuja, merikani ya nyuma ina madoa. Sasa kava la viraka halifumuliwi nyuma, ile mistari imeshika tabaka zote, kubadilisha merikani maana yake ni kufumua kazi ya saa 8 na kuirudia. Wakakubaliana apunguze 30,000 kwa kila moja kati ya hayo mawili, na yale sita yaliyobaki akaenda mwenyewe kuyaloweka kwenye maji ya chumvi na kuyasuuza mpaka maji yakawa meupe. Kuhusu chumvi watu wanabishana kama inashika rangi au haishiki, mimi naona kilichosaidia ni kusuuza mara nyingi.

Hesabu ya mwisho ya oda nzima: mapato baada ya punguzo 740,000. Vitu 648,000, binti 120,000, riba 25,000. Amelipa 53,000 kutoka mfukoni ili ashone makava manane. Fremu ya mwezi sijaihesabu.

## Tulivyokaa na daftari

Alipokuja kurejesha mkopo akiwa na pesa pungufu ndipo tukakaa. Nilimwomba ashone kava moja la kawaida huku saa ya simu iko mezani, kila hatua anaandika mwanzo na mwisho, akiitwa na mteja anasimamisha. Ndiyo ile 34 hapo juu. La masalia likatoka 37, na hii ilimshangaza kuliko yote, maana gunia la bure linataka kumwagwa, kuchambuliwa pamba na poliesta, kufuliwa, kupigwa pasi vipande vilivyokunjamana vibaya, na kutafuta kipande kinachotosha kiraka. Saa 3 za ziada. Kile cha bure kinaokoa kama 23,000 na kinakula muda wa 7,500, bado kinalipa, ila siyo bure.

Kwa hiyo lile kava la kicheni pati la 75,000 lilimwachia 17,000 kwa saa 37. Hiyo ni 460 kwa saa. Binti aliyemwajiri kwa 6,000 kwa siku alikuwa anapata zaidi yake.

Tukaongeza na fremu: kodi 50,000, usafi na mlinzi 10,000, sevisi ya cherehani 10,000, jumla 70,000 kwa mwezi, ukigawa kwa saa kama 170 anazofanya kazi kweli ni 410 hivi kwa kila saa. Kava la saa 34 linabeba 14,000.

Mahesabu yakakaa hivi kwa kava la vitambaa vya kununua: vitu 81,000, ufundi saa 34 kwa 2,500 ni 85,000, fremu 14,000. Ni 180,000 na hapo biashara yenyewe haijapata kitu, huo ni mshahara wake na gharama. Akaongeza 10,000. Laki na tisini.

Alikaa kimya kidogo alafu akasema "nani atanunua?" Swali zuri, na jibu la kweli lilikuwa mtaani kwao hakuna.

## Maamuzi na sababu zake

Kwanza, kava kubwa libaki laki na tisini, lisishuke, hata kama halitauzwa. Kuna waliomshauri aweke 140,000 "ya katikati". Tulikataa kwa sababu hiyo katikati haina mteja: mwenye 80,000 hawezi kuifikia na mwenye kutaka kazi ya mkono haogopi 50,000 zaidi.

Pili, awe na vitu vidogo ambavyo saa zake ni chache. Kablanketi ka mtoto inchi 36 kwa 42, viraka 42, masalia, vitu 12,000, saa 7, bei 35,000. Na kile kitambaa cha kulaza miguuni juu ya shuka jeupe, inchi 24 kwa 84, viraka 56, vitu 25,000, saa 8, bei 55,000. Hiki cha pili ndicho alichokuwa anakihitaji meneja tangu mwanzo kama mtu angemuuliza anataka nini, maana loji zinatandika meupe na zinataka rangi tu ionekane, na kufua kava zima la faiba kila mgeni anapoondoka ni adhabu kwa watu wa dobi.

Tatu, rangi. Ukikubali rangi alizopanga fundi kutoka kwenye masalia, bei moja. Ukichagua rangi wewe, kitambaa kinanunuliwa na kinaingia kwenye bei yako. Hii sheria ni ndogo lakini ndiyo ingezuia nusu ya hasara ya loji.

Nne, advansi asilimia 60. Siyo kwa sababu 60 inapendeza. Vitu ni 81,000 kati ya 190,000, kama asilimia 43, kwa hiyo 60 inalipa vitu vyote na inabakiza kitu cha kula wakati unashona. Nusu kwa nusu ya bei iliyo chini ndiyo iliyompeleka kikoba.

Tano, hakuna kutaja bei hapohapo mmesimama. Mteja anaulizwa kitanda, saizi ya kiraka, rangi, anafua na nini, lini anahitaji, alafu anatumiwa bei kesho yake kwa maandishi. Hii ilimuudhi mtu mmoja mmoja.

Sita, kitambaa kinafuliwa kabla ya kukatwa, oda iwe ya haraka isiwe ya haraka. Kitenge cheusi, chekundu au bluu kinasuuzwa mpaka kikibanwa kwenye kitambaa cheupe hakiachi doa. Merikani nayo inasinyaa, usipoifua kwanza kava litajikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

## Matokeo

Kwa mwaka uliofuata aliuza makava makubwa matatu tu kwa bei kamili. Mawili kwa familia moja iliyorudi likizo kutoka Uingereza, moja kwa mama wa bibi harusi ambaye hakuomba kupunguziwa, alilipa na kumwambia mtoto asilifue na jiki. Majirani kwenye makubwa waliondoka wote, na maneno yalikuwepo, kwamba siku hizi bei zake ni za wazungu.

Vya watoto vikaenda. Mtu anapokwenda kumpongeza mzazi, 35,000 inachangwa na watu wawili watatu na zawadi inaonekana. Loji nayo ikarudi, meneja yuleyule, akachukua vitambaa vya miguuni 10 kwa 55,000. Ukipiga mahesabu, kila kimoja kinamwachia 30,000 kwa saa 8, toa fremu 3,300, bado ni zaidi ya 3,300 kwa saa. Oda ya 550,000 ikamlipa, ile ya 800,000 ilimkausha.

Mkopo aliumaliza kwa hela za sare za Januari, siyo za makava.

## Uchambuzi

Nianze na kanuni ambayo utaisikia kwenye kila semina ya ujasiriamali: piga gharama ya vitu mara tatu. Fundi alikuwa anaijua, hakuitumia tu. Tuliijaribu. Kava la kununua vitambaa 81,000 mara tatu ni 243,000, ghali kuliko hesabu ya saa kwa elfu hamsini na kitu, unamfukuza mteja bila sababu. La masalia 58,000 mara tatu ni 174,000, inakaribia. Lakini angalia kava lilelile la 84 kwa 90 likiwa na viraka vya inchi 3 badala ya 6. Viraka havijazidi mara mbili, vimezidi mara nne, 28 kwa 30 ni 840. Na kitenge? Kiraka cha kukata ni inchi 3 na nusu, kwa upana vinaingia 12, kwa yadi safu 10, viraka 120 kwa yadi, kwa hiyo ni yadi 7. Zilezile 7! Vitu 81,000, kanuni inakuambia 243,000 tena, wakati daftari la fundi kwa kava la namna hiyo lilisoma saa 65, ambayo ni zaidi ya 270,000 kabla ya faida. Kanuni ya mara tatu haioni viraka. Kwa gauni inaweza kukufaa, kwa kava la viraka inakudanganya pande zote mbili, juu na chini. Bei kwa mita ya mraba nayo ina ugonjwa huohuo. Ndiyo maana siku hizi kitu cha kwanza anachokiuliza baada ya saizi ya kitanda ni idadi ya viraka.

Kilichofanya kazi kuliko nilivyotarajia ni kitu cha kijinga kabisa. Ukutani amening'iniza kipande cha mfano cha kama inchi 12, upande mmoja kimemalizwa na baisi, upande mwingine ameuacha wazi: unaona kitenge juu, faiba nyeupe katikati, merikani chini, na mistari imeishia nusu na nyuzi zake zinaning'inia. Mteja anakishika, anavuta tabaka kwa vidole, na lile neno la "si viraka tu" limepungua sana. Ukienda Zanzibar, mvaaji wa kofia hashangai kwamba ya mkono ni ghali mara nyingi kuliko ya mashine, anaigeuza, anaangalia vitobo, anajua mtu alikaa nayo wiki na wiki. Huyo mteja alishafundishwa na babu yake. Wa makava bado hajafundishwa na mtu, kwa hiyo fundi ndiye anayefundisha, na ukuta unamsaidia.

Kilichoshindikana ni ndugu. Alijaribu kushikilia bei kwa kila mtu na alishindwa kwa wifi yake, akauza kwa 120,000 na wiki hiyohiyo watu wa kanisani walishajua. Baadaye akabadilisha: kwenye risiti anaandika 190,000, chini yake punguzo la ndugu, na kinacholipwa. Bei inabaki moja, kinachoonekana ni zawadi. Imesaidia nusu. Wapo wanaosoma mstari wa mwisho tu.

Kuna jambo moja mimi na yeye hatujakubaliana mpaka leo. Ile 2,500 kwa saa tuliitoa kwenye sare, na sare ni za miezi miwili. Mwezi wa pili mpaka wa tano fremu iko kimya, hakuna sketi anayoiacha ili ashone kava, sasa saa yake ya Machi ina thamani ileile ya saa ya Januari? Mimi nasema haina, ashone makava ya masalia miezi ile ya ukimya, ahesabu 1,500 kwa saa, auze 130,000 baridi inapoanza, kuliko kukaa anaangalia barabara. Yeye anasema ukishauza 130,000 mwezi wa sita, mteja wa mwezi wa kumi na mbili atataka hiyohiyo, na yule wa 190,000 atajiona ameibiwa. Nimeshindwa kumjibu vizuri. Alichokubali ni kushona nyuso za viraka miezi ya ukimya na kuziweka bila faiba, ili oda ikija amebakiza kutandika, mistari na baisi. Muda wa kusubiri kwa mteja ukapungua, bei haikuguswa.

Na saa zenyewe zimeanza kushuka. Badala ya kukata viraka mojamoja na kuvishona mojamoja, anachana mikanda mirefu ya inchi 6 na nusu, anashona mkanda kwa mkanda, anapiga pasi, ndipo anakata kwa kukatiza, zinatoka safu zikiwa zimeshaungwa. Zile saa 11 zimekuwa 7. Tuliulizana kama bei ishuke. Haikushuka, na naona ni sawa, maana mteja hanunui saa zake, saa ni za fundi kujua asiende chini ya wapi.

Oda aliyonayo mezani sasa hivi inaonyesha vizuri mahali hela inapokwenda. Dada mmoja ameleta khanga za marehemu mama yake, mfuko mzima, anataka kava. Akauliza bei akiwa na uhakika itakuwa nusu, "si nimeleta kitambaa mwenyewe". Fundi akamwandikia: kitenge kimetoka, 28,000 imeondoka, imebaki 53,000 ya vitu. Lakini khanga zilizovaliwa miaka mingi zimelainika, kila kipande kinabandikwa ile gamu ya kola (kitambaa chenye gundi cha kukazia) kwa pasi kabla ya kukatwa, 12,000, na kukagua sehemu zilizochakaa pamoja na kupanga ili baadhi ya maneno yasomeke inaongeza saa 6. Saa 40 ni 100,000, fremu 16,000 na kidogo, na ile 10,000 ya biashara. Ikarudi palepale, kama laki na tisini. Yule dada alisoma mistari yote mara mbili, akaomba alipe kwa awamu tatu. Fundi amekubali, ya kwanza iwe 80,000 ili vitu vyote vinunuliwe, na mkasi haugusi khanga mpaka iingie.